Mheshimiwa Hatoki Jasho

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba, kabla hata hujaniamkia, maana najua ungechelewa. Hujambo? Mke wako hajambo? Huku sisi wazima, ila jua. Jua la mwaka huu si jua, ni adhabu. Shangazi yako anakusalimu. Amekaa hapo mlangoni anajipepea na kifuniko cha sufuria, ananilaumu mimi kana kwamba ndiye niliyeliwasha.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji ya nguruwe, na ya shangazi yako siitaki. Ukiongea kwenye simu ile, nusu ya mtaa inakuitikia. Dereva wa lori la pumba amekubali kutubebea barua. Ukimwona mpe mkate wa moto, ndiyo nauli yake.

Habari kubwa ni dume langu la nguruwe, Mheshimiwa. Unajua nilivyomjengea banda la peke yake, mabati mapya, kuta mpaka juu, hakuna dume hapa jirani anayelala mahali kama pale. Basi wiki mbili zilizopita naenda mchana kumpa chakula, namkuta amelala ubavu, mdomo wazi, povu linamtoka, anahema mbiombio mpaka mbavu zinacheza. Namgusa sikio, moto! Nilipiga kelele kama nimefiwa. Nikashika ndoo ya maji baridi nimmwagie kichwani, jirani yetu seremala akaniwahi mkono. "Utamuua, mama! Akiwaka hivyo, maji baridi ya ghafla yanasimamisha moyo." Tukang'oa mabati mawili upepo uingie, tukalowesha magunia tukamfunika, tukammwagia maji ya kawaida kidogo kidogo kuanzia miguuni. Jioni akainuka, akanywa ndoo nzima, akanitazama kwa dharau yake ile ile. Nikajua amepona. Mabati nikayarudisha.

Wiki hii ameanza kazi. Majike yangu mawili, Malkia na Madoa, ameshawapanda. Wao joto halikuwasumbua, wanashinda kwenye matope chini ya miti.

Na wewe je? Miaka minne sasa ya ndoa. Mimi sisemi kitu. Anayesema ni shangazi yako, lakini masikio hayana kifuniko.

Ni mimi, mama yako

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na jua, pole na Mheshimiwa. Sisi hapa tunaendelea vizuri. Mkweo anakusalimu sana. Dereva amekula mikate miwili na kuomba wa tatu wa mtoto, ambaye najua hana.

Kazini wamenipandisha cheo. Sasa mimi ndiye mkuu wa tanuri kubwa. Mwaka wa tano huu nasimama mlangoni pake, na ukweli mama, huku ndani jua lako lingeomba maji. Shati langu ukilikamua unajaza kikombe. Nikirudi nyumbani nikivua suruali, mapaja yote mekundu. Lakini mikate ya mji mzima inapita mikononi mwangu, na wenzangu wananiita Simba wa Moto.

Sasa jambo lenyewe. Shangazi amenipigia, si mara moja. Anasema ukoo unamsubiri nani? Amemwona binti wa fundi cherehani, ana adabu, na dada zake wote wanazaa kila mwaka. Nimefikiri sana. Nampenda mke wangu, sikudanganyi, ila siwezi kuwa mwanaume wa kuzeeka akibeba watoto wa wenzake. Mwezi wa tano nina likizo. Nataka kumrudisha kwao kwa heshima, shangazi amsindikize.

Bila baraka yako sitafanya. Niandikie.

Mwanao anayekupenda

23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hongera ya cheo. Mimi mzima wa mwili, moyo umenichafuka.

Malkia amerudi kutaka dume. Madoa naye vilevile. Nikawapeleka tena kwa Mheshimiwa, akafanya kazi yake kwa madaha, wakarudi tena. Mara mbili! Wanakula, wananenepa, wanalala, mimba hakuna. Unanijua. Jike asiyeshika mimi simlishi pumba. Nimemwita mwenye bucha, amewachukua wote wawili. Malkia aligoma kupanda gari, akanitazama. Nikageuza uso nikaenda kufua.

Kuhusu nyumba yako, niseme nini? Mke wako sina ubaya naye. Alipokuja mwaka jana alinisugulia sufuria zote mpaka nikajiona ndani yake, nikakasirika, maana nilikuwa sijajua kama nimezeeka hivyo. Lakini nyumba bila mtoto ni nyumba ya wageni. Shangazi yako anasema kile ninachofanya zizini ndicho unachopaswa kufanya wewe. Kama umeamua, sitakuzuia.

Mama yako

20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa barua. Natumaini moyo umetulia.

Nimemwambia. Nilidhani atapiga kelele, afadhali angepiga. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mpaka ukaisha, kisha akaniambia, "Twende hospitali tukapimwe, wote wawili. Nikionekana ni mimi, begi nitafunga mwenyewe." Nikamwambia mimi nipimwe nini? Mimi nabeba magunia mawili ya unga kwa mpigo. Siumwi kichwa, siumwi tumbo, na kitandani, nisamehe mama, sijawahi kushindwa. Akaniuliza, "Kwa hiyo ugonjwa una jinsia?" Nikatoka nje.

Baadaye nilimkuta na barua yako mkononi, ile ya majike. Niliiacha mezani kwa uzembe. Aliikunja vizuri akairudisha kwenye bahasha. Tangu siku hiyo ananipikia, ananifulia, haniongeleshi.

Shangazi atakuja mwishoni mwa mwezi wa tano. Niombee.

Mwanao

4 Mei

Mwanangu,

Salamu baadaye. Kaa chini kwanza.

Mnene naye amerudi kutaka dume. Mnene, jike aliyenizalia kila mara mpaka chuchu zikawa hazitoshi! Hapo nikasema hapana. Mmoja sawa, wawili bahati mbaya, watatu mfululizo hapa kuna jambo. Safari hii sikumwita mwenye bucha, nimemwita daktari wa mifugo.

Mimi namwonyesha Mnene, yeye amenipita ameingia bandani kwa Mheshimiwa. Akatazama mabati, akatazama kuta. "Mama, hapa unafuga au unaoka?" Akaniuliza kama dume alipata shida kwenye lile joto. Nikamweleza yote, povu, magunia, kila kitu.

Akaniambia nguruwe hatoki jasho la kumpoza kama sisi. Ana kuhema na ana matope, basi. Joto likimzidi, damu inakimbilia kwenye ngozi ili ipoe, tumboni inabaki haba, ndiyo maana anasusa chakula na matumbo yanaumia. Na zile kende, mwanangu, nisamehe lakini mimi ndiye niliyekuogesha, Mungu alizitundika nje kwa sababu mbegu zinataka ubaridi kuliko mwili wenyewe. Zikipata moto, mbegu zinazotengenezwa zinaharibika. Na kwa kuwa kuzitengeneza huchukua wiki nyingi, dume anapona, anakula, anaguna, anapanda, na ndani hakuna kitu. Mimi nikamrudishia na mabati juu!

Sikuamini. Akakinga mbegu za Mheshimiwa, akaweka tone kwenye hadubini yake, akaniambia nichungulie. Mwanangu, zimelala. Nyingine zimejikunja mkia, nyingine zinajizungusha palepale kama mlevi aliyesahau kwake. Akasema zilitakiwa kwenda mbio.

Nilikaa juu ya gunia la pumba nikalia. Malkia na Madoa walikuwa wazima! Nimewauza wazima nikabaki na mgonjwa, kwa sababu mgonjwa ana kifua kipana.

Kisha nikamuuliza daktari, na binadamu je? Akacheka, akasema yeye ni wa nguruwe. Nikamwambia nina mtoto, mwaka wa tano anasimama mlangoni pa tanuri, hana mtoto. Akaacha kucheka. Akasema si wote, lakini wanaume wa kazi za motoni huweza kupatwa na hilohilo, na huoni kwa macho. Hospitali wanapima.

Nenda ukapimwe. Mkeo alisema kweli. Usimpeleke popote, na yale niliyoandika mwezi wa tatu nimeyafuta, mwambie mimi mwenyewe nimesema nimeyafuta. Nilikosea, basi! Shangazi yako sijamwambia. Hili ni lako.

Hujambo lakini?

Mama yako

18 Mei

Mama,

Shikamoo.

Barua nimeipata. Nimeisoma mara mbili nikidhani dereva amekosea mtu. Yaani mimi, mwanao wa kwanza, umeniweka kwenye mzani mmoja na Mheshimiwa? Umekaa na mwanaume wa watu, mgeni, mkaongea habari za suruali yangu zizini?

Mimi si mgonjwa. Niulize nani aliyenyanyua mlango wa tanuri ulipodondoka, watu watatu wameshindwa. Hospitali hapa kila mtu anamjua kila mtu. Nikionekana kwenye benchi lile, kesho Simba wa Moto ni hadithi ya kupulizia chai. Wanaume wa ukoo wetu wote wamezaa. Baba alikufa ameacha watoto sita.

Shangazi anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama tulivyopanga. Naomba usiniandikie tena habari za banda lako.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu,

Nimekusikia kuhusu banda. Hii si habari ya banda.

Mke wako yuko kwangu. Basi la kwenda kwao linapita hapa kwetu, wewe hukukumbuka, mimi nilikumbuka. Jumamosi ile tangu asubuhi nilikaa kituoni na ndoo yangu nimeipindua nikaifanya kiti. Basi likasimama, nikapanda. Kondakta ananidai tiketi, nikamwambia mimi sisafiri, mimi nachukua changu. Shangazi yako akasimama. "Wifi, usituaibishe." Nikamwambia, "Begi hilo linashuka hapa." Akasema wewe ndiye uliyemtuma. Nikasema na mimi ndiye niliyemzaa aliyekutuma. Watu wakaanza kucheka, yeye akaanza kueleza basi zima, kwa sauti, kwamba anamrudisha mwanamke tasa kwao na kwamba mimi nimerukwa na akili. Neno lile alilisema kama anauza sabuni. Mkeo alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti. Nikamshika mkono, akawa mzito, kisha akainuka.

Ameniuliza jambo moja tu tulipofika. "Mama, nami nilikuwa wa bucha?" Nimemwomba msamaha. Nimepiga magoti, na unajua magoti yangu yalivyo. Amenisaidia kuinuka.

Analala chumba cha mbele. Shangazi yako amehamia kwa binamu yake, na huko anatangaza. Kwenye bomba la maji jana mkeo alimchekea mtoto, mama wa mtoto akamvuta pembeni. Nimeona kwa macho yangu.

Sasa sikiliza. Mimi sikulazimishi kupimwa. Ila mke huyu harudishwi na mtu. Ukitaka mke mwingine, tafuta na mama mwingine.

Mama yako, bado

29 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Lori limepita mara mbili, dereva ananionyesha viganja vitupu. Anasema ulimpa mkate, hukumpa karatasi. Anasema umekonda. Unaumwa? Nijibu hata kwa matusi.

Mama

13 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Siumwi, yaani, naumwa lakini si kwa namna ile.

Nyumba bila yeye nimeshindwa kuikaa. Nilikuwa narudi nakaa kwenye ngazi mpaka wapangaji wenzangu walale. Siku moja nikavaa kofia nikaenda hospitali ya mji wa pili, ambako hakuna anayekula mikate yangu. Kijana wa maabara akanipa kikopo na kunionyesha mlango. Mama, aibu ile sitaisimulia.

Ni mimi. Mbegu chache, na hizo chache nyingi hazitembei. Daktari aliniuliza kazi yangu kabla sijakaa vizuri, nikacheka peke yangu kama mwehu, kisha nikalia mbele yake. Akasema nitoke kwenye moto, baada ya miezi mitatu anipime tena. Zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi, hakuniahidi. Nimeomba kuhamishiwa kwenye kufunga mikate. Nimewaambia ni mgongo.

Mama, mwambie mke wangu arudi. Mwambie ninamtaka yeye, kwa mtoto au bila mtoto. Nimemkosea na nitamwomba radhi chumbani kwetu siku zote za maisha yangu. Ila nakuomba kitu kimoja: shangazi asijue. Wala baba yake, wala mtu wa nje. Tuseme tu tumesameheana, Mungu atajalia. Haya mengine yabaki kati yetu watatu. Nimebakiwa na jina tu, mama, usiache lichafuke.

Mwanao anayekuhitaji

27 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Uliyoyafanya yalikuwa magumu na mimi kama mama yako nimeona fahari. Hilo lishike, kwa sababu yanayofuata hayana asali.

Barua yako ilifika tukiwa tunapukuchua mahindi barazani. Dereva alipopiga honi, mkeo aliinuka kabla yangu. Nikaifungua pale pale, na mimi na haraka zangu sikuitangulia kwa macho, nikaanza kumsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye "ni mimi" akaweka hindi chini. Akajifunika uso na kitenge, mabega yanatetemeka, nikadhani ni kilio, kumbe kilio na kicheko vimechanganyika. Alinishika mkono. Mwanangu, nilikuwa nimeshaanza kukusifu!

Nikaendelea. "Mwambie mke wangu arudi." Akatikisa kichwa, ndiyo. Kisha macho yangu yakaona kilichofuata, nikaacha kusoma. Akasema, "Endelea, mama." Nikamwambia maandishi yamefifia. "Endelea tu." Nikasoma. Shangazi asijue. Baba yake asijue.

Akachukua hindi lake akamaliza kulipukuchua, halafu akasema maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mama, mzigo huu alinitwisha mbele ya watu, kwenye basi zima. Sasa anataka kunitua gizani, watu waendelee kuniona ninao."

Tulipukuchua mpaka giza likaingia.

Asubuhi alifagia chumba, akakunja shuka, akaniaga vizuri, akapanda basi la kwao. Nilimwomba abaki, nimeomba kuliko nilivyowahi kumwomba mtu. Akasema, "Sirudishwi mama, nakwenda mwenyewe." Hakuchukua hata picha yenu. Nyumba imekuwa kubwa, mwanangu, na mimi nina hasira na wewe mpaka chakula hakipiti.

Ningeweza kwenda kwa shangazi yako sasa hivi nikamwaga kila kitu, mdomo unaniwasha. Lakini mdomo wangu si wako. Nikisema mimi, itakuwa umbea wa mama mkwe. Waliosema mficha uchi hazai hawakuwa wanatania. Jina unalolilinda ni la nani, kama limekaa juu ya kichwa cha mke wako? Mbegu kuharibiwa na moto si kosa lako, na hakuna mwenye akili atakayekucheka kwa hilo. Kumwacha mwenzio achekwe kwa niaba yako, hilo ni kosa, na ni lako.

Usinijibu barua hii. Lori litapita kwenu Alhamisi, na dereva nimemwapisha asipokee karatasi yoyote kutoka mkononi mwako. Akiniletea, karatasi naipeleka zizini na pumba yake sinunui tena. Kwao unakujua. Nenda. Waombe watu wakae, baba yake, mama yake, majirani wakitaka kusikiliza wasikilize, na shangazi yako nitamleta mimi hata kwa kumkokota. Usimame, useme kwa sauti ile ile unayojisifia nayo. Anaweza kukataa kurudi. Hiyo ni haki yake, na siku hiyo nitakaa upande wake. Lakini mtue, mwanangu, mbele ya watu, hata kama akishashusha pumzi anakufungia mlango.

Mama yako